Kamati Inapokuja Kumjulia Hali Mwanao

Mwenye mtoto aliyeajiriwa na asome haya. Asiye naye asome pia, huenda akaajiriwa mwenyewe kwa bahati mbaya.

Nchi yetu jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Jina lilipelekwa Idara ya Muhuri wa Taifa likagongwe muhuri upya, halijarudi, na kutumia jina lisilo na muhuri ni kosa. Kwa hiyo sisi tunasema nchi yetu, majirani zetu wanasema nchi yao kule, na tunaelewana vizuri tu.

Hiyo Idara ndiyo iliyomwajiri mwanangu Mwantumu. Kwetu kila karatasi lazima iwe na muhuri: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kufa, risiti ya sukari, daftari la mtoto wa chekechea. Hata karatasi nyeupe zilizoko ghalani, ambazo hazijaandikwa kitu, nazo hugongwa, maana serikali iliona kwamba karatasi iliyo wazi inaweza kuandikwa chochote na mtu yeyote, na usiku huo viongozi hawakulala.

Na muhuri wenyewe si huu wa mpira mnaouona kwa mtendaji. Ni wa chuma. Kila sherehe ya uhuru Mheshimiwa Mkuu huongezewa sifa moja, sifa huchongwa kwenye muhuri, na ili ipate nafasi chuma nacho huongezwa. Alipoanza alikuwa Mpendwa tu, muhuri ukashikika kwa vidole viwili. Sasa ni Mpendwa, Baba wa Mvua, Mlezi wa Barabara, Mshindi wa Vita Ambayo Haikuja, na sifa nyingine zimejaa mpaka zikapanda ubavuni. Muhuri ukawa kama mchi. Sherehe mbili tatu mbele ukawa kama kinu. Wagongaji wanaunyanyua juu ya kichwa na kuushusha, kutwa nzima, na ukishuka kwa unyonge karatasi inarudishwa, kwa kuwa sifa za Mheshimiwa hazikutoka zote.

Basi siku moja bega la kulia la mwanangu likatoa mlio. Yeye akadhani ni meza imevunjika. Akainama kuitazama meza, na mkono ukabaki unaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

*

Daktari wa zahanati yetu ni kijana asiye na maneno mengi. Alimgusagusa, akamwambia nyama zinazoshikilia bega zimechanika. Apumzike. Mkono usinyanyuliwe kabisa mpaka zishikane. Akiunyanyua kabla, basi zitaachana moja kwa moja, na huo mkono atabaki nao wa kutazama tu, hatasuka nywele, hatachota maji, hatambeba mtoto siku akimpata.

Likizo ya ugonjwa kwetu ipo. Imo kwenye sheria kabisa, na Mheshimiwa huitaja katika kila hotuba, watu wakapiga makofi. Shida ni mtu kuichukua. Sheria haikutarajia mtu.

Mwantumu akaichukua. Wenzake kazini wakaacha kumpigia simu wasije wakaambukizwa kupumzika. Yeye akawa analala, mkono juu ya mto, mimi namkanda kwa maji ya vuguvugu, na rangi ikaanza kumrudi usoni. Nikaanza kushukuru. Hapo ndipo gari la matangazo likapita mtaani kwetu, taratibu, likasimama mbele ya nyumba yangu.

Lilisema hivi, nami nilikuwa nimeshika ufagio: Idara ya Muhuri wa Taifa, kwa moyo wa upendo, inampa mtumishi wake Mwantumu binti Kombo ofa ya kufanyiwa tathmini ya afya, baada ya kupumzika kwake kwa muda mrefu. Si lazima. Ni hiari. Hiari hiyo itatekelezwa Alhamisi asubuhi nyumbani kwake. Familia iwepo.

Majirani wakatoka kunipongeza. Mmoja akaniambia serikali inamjali mwanao, wangu mimi hata barua hawajawahi kumwandikia. Nikasema ahsante. Nikaingia ndani nikakaa juu ya ndoo.

*

Niwaeleze hiyo tathmini, maana wengine mtafikiri ni kupimwa kwa vyombo.

Vyombo vilikuwepo zamani. Ilinunuliwa mashine kutoka ng'ambo, kubwa kama kabati, ikaletwa kwa ngoma. Kumbe haikufundishwa kunyamaza. Siku ya uzinduzi ikampima Waziri, ikatoa magonjwa ya Waziri yote mbele ya waandishi wa habari, mpaka yale ya kuona haya. Ikastaafishwa siku hiyo hiyo kwa manufaa ya umma. Baadaye wataalamu wakakaa hotelini, wakala, wakafikiri, wakala tena, ndipo wakagundua kwamba taifa lina kipimo chake lenyewe, cha bure, kisichotaka umeme. Kipimo hicho ni adabu ya raia.

Maana sisi tumelelewa, jamani. Mgeni akibisha hodi, mgonjwa wetu atajikokota akae kitako. Akiulizwa hali atasema nzuri, halafu ndiyo aeleze kwamba anakufa. Akiambiwa pole atajibu nishapoa. Akipewa kitu atapokea kwa mikono miwili, na ikiwa ni mmoja basi wa kulia, kwa sababu kumnyooshea mtu mzima mkono wa kushoto ni sawa na kumtukana mama yake. Idara ikaunda Kamati ya Kumjulia Hali Mtumishi. Kamati haikupimi hata kidogo. Inakuja kukuona, kama ndugu. Inakaa, inatazama unavyoipokea, na inaandika.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Bwana Ngwaru, alikuwa mbeba magunia ya karatasi katika Idara hiyo hiyo. Mgongo ukamkatika. Kamati ikaja siku mkewe, Bi. Mwasiti, yuko uani anachochea moto wa chai yao. Wageni wakaingia, hakuna viti. Sasa mtu mwenye kwao atalala akitazama wageni wamesimama? Bwana Ngwaru akashuka kitandani, akashika kigoda, akamwekea mkubwa wa msafara. Akarudi kulala huku machozi yanamtoka, lakini anatabasamu. Kile kigoda kiliandikwa. Jumatatu akapewa magunia yake, na gunia moja la nyongeza la kumkaribisha.

Sasa asubuhi Bi. Mwasiti humtoa nje aote jua kwa kuuvuta mkeka aliolalia, na jua likigeuka huuvuta upande wa pili. Kuanzia kiunoni kushuka chini mumewe hasikii kitu.

Mnaona kwa nini nilikaa juu ya ndoo.

*

Nikavaa kanga yangu ya kutokea, nikaenda Idarani kukataa.

Mwenye mambo hayo ni Bi. Eliwaza Kitundu, Mkurugenzi wa Upendo Kazini. Mwanamke mwenye sauti laini, yaani akikusemesha unatamani kulala. Aliniita mama yangu ingawa tunalingana, akaniuliza kama familia imefurahi. Nikamwambia nimekuja kuuliza, mtu asipoitaka hiyo ofa inakuwaje.

Hakukasirika. Akanieleza kwamba katika nchi huru kila mtu ana haki ya kukataa, na lipo dirisha lake kabisa, nje, upande wa jua. Mgonjwa anakuja mwenyewe, anapanga foleni, na foleni ni ndefu kwa sababu ya demokrasia. Aliyeweza kusimama mpaka akafika dirishani anaandikwa pale pale kuwa ni mzima, na anarudi kazini siku hiyo hiyo bila kuisumbua Kamati.

Nikauliza, asipokataa wala asikubali? Akasema huo ni utoro. Nikauliza, akifunga mkono kwa kitambaa? Akasema kitambaa kwa mujibu wa kanuni ni pambo, na mapambo huvuliwa mbele ya wageni wa serikali, kama kofia. Nikamuuliza maneno ya daktari wa zahanati yanaingia wapi. Akacheka kidogo, akasema yule kijana anajua magonjwa, hajui kazi.

"Mama yangu," akasema, "mgonjwa wa kweli haogopi kutembelewa. Wewe unaogopa nini?"

"Naogopa mkono wa mwanangu."

"Mkono ni wa Idara, mama. Wewe ulizaa. Sisi tumeajiri."

Akasimama kunipa mkono wa kwaheri. Na mimi mjinga, kwa jinsi nilivyolelewa, nikautoa wangu wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, goti likaenda chini lenyewe. Nilikuwa nimejaa hasira mpaka masikioni, lakini goti likaenda. Bi. Eliwaza hakuniangalia usoni. Aliangalia bega langu linavyopanda, kama mtu anayechagua kuku sokoni.

"Una bega zuri sana, mama," akasema.

Hapo nikajua watampima mwanangu kwa kitu gani.

*

Nilipofika nyumbani nilimwambia Mwantumu kuanzia leo huna adabu. Akacheka. Nikamwambia sichezi. Nikamweleza kwamba watakuja na zawadi, wataitoa kwa heshima, wataiinua juu, na mkono wake wa kulia ndio watakaokuwa wakiungoja. Auache pajani. Apokee kwa wa kushoto.

"Mama," akaniambia, "nimnyooshee mtu mzima mkono wa kushoto? Mimi?"

Akaanza kulia, na mimi nikamwelewa, maana huyo mtoto nilimfunza mwenyewe. Alipokuwa mdogo, akipokea hata njugu moja kwa kushoto, nilimchapa kofi la mkononi. Nilikuwa nasifiwa mtaa mzima. Walimu walikuwa wakiniita shuleni kuniambia hongera.

Nikamwita Bi. Mwasiti aje awe Bi. Eliwaza. Akajifunga matambara kifuani, akaingia kwa maringo, akainua sinia tupu la pilau mpaka usawa wa paji la uso, akalegeza sauti. Binti yangu kipenzi cha taifa, pokea. Mkono wa kulia ukaanza kupanda. Mwantumu mwenyewe alikuwa hautaki, midomo ameibana kwa maumivu, lakini ulikuwa unakwenda. Nikapiga meza kofi, ukarudi. Tena. Ukapanda. Nikapiga meza. Tulipotoka hapo kiganja changu kilikuwa kimevimba na meza imelegea mguu.

Siku ya pili akafaulu kunyoosha wa kushoto, lakini akasema samahani. Nikamwambia samahani nayo iondoe. Siku ya tatu akaunyoosha bila samahani, Bi. Mwasiti akashindwa kuvumilia.

"Ungekuwa wa kwangu ningekutandika," akasema.

"Kwani dada humwoni mumeo pale juani?" nikamwuliza.

Alikuwa anamwona, mlango ulikuwa wazi. Kisha akaokota sinia, akaliinua tena juu, sauti sasa haina mchezo.

"Pokea."

*

Alhamisi Kamati ikaja. Walikuwa watatu. Mbele Bi. Eliwaza. Nyuma yake Dakta Mbonea, ambaye udaktari wake ni wa nyuki, na nchini kwetu hakuna anayejua nyuki kumshinda. Wa tatu alikuwa Msema Pole Mkuu wa Taifa, mzee mwenye suti nyeusi ambaye kazi yake ni hiyo tu, na ana naibu.

Wakabisha hodi. Hatukujibu. Wakabisha tena. Hamjui ilivyo vigumu kumwacha mtu akisema hodi mlangoni kwako. Niliuma pindo la kanga mpaka likalowa. Mara ya tatu wakaingia wenyewe, wakatafuta viti. Viti vyote nilikuwa nimevipeleka kwa Bi. Mwasiti. Wakakaa sakafuni, Dakta wa nyuki akikunja miguu kwa shida, na majirani wakajazana dirishani kuona hao wenye nyumba wamepatwa na nini.

Msema Pole Mkuu akasafisha koo. Akasema anayo pole ya Mheshimiwa Mkuu, Mpendwa, Baba wa Mvua, na zote zile, ambayo ni pole ya jumla. Anayo pole ya Baraza la Mawaziri, isipokuwa Waziri mmoja aliye safarini, ambaye pole yake itafuata. Anayo pole ya Idara, na pole ya muhuri wenyewe, ambao umemkumbuka Mwantumu sana. Kila pole aliishusha polepole na kungoja jibu. Mwantumu alikuwa anatazama dari. Mzee wa watu akawa kama mtu anayetupa mawe kisimani asisikie maji.

Ndipo Bi. Eliwaza akafunua kikapu. Machungwa. Bi. Mwasiti, aliyekuwa ameketi kando yangu, akanibinya, akaninong'oneza kwamba ni yale yale waliyomletea mumewe, lile moja lina kovu ubavuni. Nikaja kujua baadaye kwamba ni mali ya taifa. Yanapelekwa kwa mgonjwa, yanapokelewa, kisha yanarudishwa ghalani kungoja mgonjwa mwingine.

Bi. Eliwaza akapiga magoti mbele ya kitanda cha mwanangu. Akakiinua kikapu kwa mikono yote miwili, juu, mpaka usawa wa paji lake la uso. Mkurugenzi mzima, amepiga magoti, anampa zawadi mtoto wa Kombo. Sijui kama yupo mtu katika nchi yetu ambaye angekiacha kikapu kile kining'inie.

"Binti yetu," akasema kwa ile sauti ya kulaza watoto, "pokea. Mikono inachoka."

Nikaona vidole vya kulia vya mwanangu vinacheza. Kiwiko kikaachana na paja. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Dakta Mbonea akasogea mbele na kalamu yake, na mimi nikawa siwezi kupiga meza wala kukohoa, kwa sababu familia ikitoa ishara mgonjwa anaandikwa kuwa anasikia maelekezo, na anayesikia maelekezo anaweza kazi. Mkono ukapanda kidogo tena. Nililiona bega linatetemeka chini ya gauni.

Kisha Mwantumu akashusha macho kutoka kwenye kikapu, akamtazama Bi. Eliwaza usoni. Sijui alichokiona. Mkono wa kulia ukarudi pajani. Akachomoa wa kushoto, hakukishika hata hicho kikapu, akachukua chungwa moja kwa juu kama anayechagua gengeni, akalimenya kwa meno, maganda akayatemea karibu na kiatu cha Dakta, akala.

"Limekauka," akasema.

*

Msema Pole Mkuu alishika kifua. Dirishani mama mmoja alimfunika mwanawe macho. Dakta Mbonea akaandika kwa muda mrefu, kisha akasema hajawahi kuona hali kama hii kwa binadamu, na nyuki wakifika hapo mzinga huchomwa. Mimi nilikuwa nataka kupiga vigelegele. Nikakaza uso.

Bi. Eliwaza peke yake hakutikisika. Akaweka kikapu chini, akajifuta magoti, akasema kwamba Idara imepokea hayo yote kwa upendo, na sasa imebaki hatua ya mwisho. Wageni wanaaga. Kwa mujibu wa kanuni, mgonjwa au mtu wa familia atawasindikiza mpaka barabara kubwa, na hapo barabarani ndipo ziara inafungwa na majibu kutolewa.

"Haya mama yangu," akaniambia, "tunakwenda."

Nikabaki nimekaa. Nikachukua mchele nikaanza kuuchagua.

Akangoja. Akasema tena kwamba wanakwenda. Akafika mpaka mlangoni, akasimama pale, mguu mmoja nje. Nikachagua mchele. Majirani wote wakawa wanatazama miguu yao wenyewe, maana hata jirani akiwasindikiza hatua mbili ameshahesabika familia. Mgeni akiondoka bila kusindikizwa, kwetu si mgeni, ni mwizi au amefukuzwa, na Kamati ya serikali haiwezi kuwa mojawapo. Bi. Eliwaza akaurudisha mguu ndani.

"Ziara haijafungwa," Dakta Mbonea akasema, kama anayejisemea. "Na ziara isipofungwa, likizo ya mtumishi inaendelea."

Bi. Eliwaza alimtazama kwa jicho ambalo halikuwa na upendo hata kidogo. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia.

Wakakaa. Mchana nikapika wali na maharage, tukala mimi na mwanangu mbele yao, na hatukusema karibu. Hilo nawaambieni ukweli ndilo lililonishinda zaidi ya yote. Kila tonge nilihisi marehemu mama yangu ananivuta sikio. Msema Pole Mkuu alikuwa anafuata vijiko vyetu kwa macho, akawa analiambia pole tumbo lake. Jioni wakanunua chapati kwa muuzaji apitaye, kupitia dirishani, kama wafungwa.

Ijumaa walikuwapo. Jumamosi walikuwapo. Bi. Eliwaza akanifuata uani nikifua, akainama kabisa, akaniambia tuelewane kama akina mama. Nimsindikize mpaka kwenye kona tu, naye ataandika kwamba binti ni mgonjwa wa hali ya juu.

"Andika kwanza," nikamwambia.

"Majibu hutolewa barabarani, mama. Ndiyo kanuni."

"Basi kaa."

Akaniita mwanamke asiye na haya. Nikamwambia hilo andika hata sasa hivi.

*

Juma lililofuata, mimi nachambua dagaa, simu ya Bi. Eliwaza ikalia. Alikuwa ni naibu wake. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, sote tukasikia. Alikuwa na sauti laini kuliko hata ya bosi wake, nadhani wanafundishwa mahali.

Alimweleza kwamba Idara imeona wajumbe wa Kamati hawajafika kazini, na kwa kuwa serikali haiamini kwamba viongozi wake wanaweza kuwa watoro, imeamua kuamini kwamba ni wagonjwa. Yeye naibu ameombwa kushika Ukurugenzi wa Upendo kwa sasa. Ameunda Kamati nyingine. Inampa bosi wake ofa, kwa moyo wote, ya kujuliwa hali pale pale alipo. Si lazima.

"Na nikionekana mzima?" Bi. Eliwaza akauliza.

Naibu akasema hapo itakuwa furaha kubwa kwa taifa. Atarudishwa kazini mara moja. Kiti chake kwa bahati mbaya kimeshakaliwa, na nafasi iliyo wazi Idarani kwa sasa ni moja tu, kwenye ukumbi wa wagongaji, ile ya binti Kombo. Muhuri unamkumbuka mtu. Na Mheshimiwa, akaongeza, sherehe hii ameongezewa sifa mbili.

Bi. Eliwaza akazima simu. Akakaa akitazama mikono yake. Ni mikono mizuri, laini, haijawahi kushika hata mwiko. Dakta wa nyuki akasogea mbali naye kidogo. Msema Pole Mkuu akafungua mdomo amwambie neno lake, akaufunga, huenda akakumbuka kwamba naye ana naibu.

Mimi nakuambieni wenzangu, sikumwonea huruma, na msiniombe nimwonee. Pale dirishani nilikuwa namwona Bwana Ngwaru kwenye mkeka wake. Wakija kwako na kikapu, usiseme mimi nina bahati, ofisi inamjali mwanangu. Ficha viti. Na huyo mwanao mzuri anayesifiwa mtaa mzima, mwenye shikamoo kwa kila mtu, mkalishe leo umharibu kidogo, kabla bega halijalia.

Bi. Eliwaza aliinuka pale sakafuni, akaenda kupiga magoti tena mbele ya kitanda cha mwanangu, safari hii bila kikapu.

"Binti," akasema, na ile sauti laini haikuwepo, "ule mkono wa kushoto. Uliufanyaje? Nifundishe."

Mwantumu akanitazama. Bega lake lilikuwa limeanza kutulia. Asubuhi ile alikuwa amejigeuza kitandani bila kupiga ukelele, mara ya kwanza. Lakini daktari wa zahanati alikuwa amesema bado, bado sana.

"Mfundishe," nikamwambia. "Ila mfundishe taratibu, mwanangu. Yeye ni mtu mzima, na wewe uko likizo."

Akaelewa. Akachukua kikombe kitupu kwa mkono wa kushoto, akamnyooshea. Bi. Eliwaza akakipokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

"Hapana," mwanangu akasema. "Tena."